Riziki ya Kalamu: Habari za Kurasa za Mtandao Ziandikwazo Nyumbani, Zikitazamwa kutoka Bagara

Makala haya yakusudia kueleza kwa ufupi jinsi watu wa Tanzania walivyoanza kutafuta riziki kwa kuandika kurasa za mtandao wakiwa nyumbani mwao, na jinsi lugha ya Kiswahili ilivyowafaa na ilivyowakwamisha katika kazi hiyo. Mahali tutakapotazamia habari hizi ni Bagara, kata mojawapo ya mji wa Babati, ambao ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002. Kazi yenyewe haikuanzia hapo. Tumepachagua kwa kuwa swali letu laonekana wazi zaidi mtu akiwa mbali na Dar es Salaam: je, yawezekana mtu akaketi nyumbani kwake katika mji wa mkoani, akaandika kwa Kiswahili, na maandishi yake yakamlisha?

Mji wa Babati uko kando ya barabara kuu ya kaskazini, iendayo Arusha kwa upande mmoja na Dodoma kwa upande wa pili, karibu na ziwa lenye jina la mji, chini ya Mlima Kwaraa. Wajuzi wa lugha waifahamu nchi hiyo vema. Wagorowa na Wairaki, wasemao lugha za Kikushi, hukutana sokoni na Wabarabaig wasemao lugha ya Kinailoti, na pia na Wambugwe na Warangi wasemao lugha za Kibantu. Wakikutana, husemezana kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Bagara atakaye kusomwa na jirani zake wote hana haja ya kufikiri sana kuhusu lugha ya kuandikia: Kiswahili ndicho kimpacho wasomaji. Lakini kupata wasomaji ni jambo moja, na kupata chakula kwa wasomaji hao ni jambo jingine. Historia tutakayoieleza hapa ni historia ya umbali ulioko kati ya mambo hayo mawili.

Tamaa ya kuishi kwa kalamu si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo, ambalo wasomi wa Kiswahili wangali wakilirejea hata leo. Gazeti hilo lilikuwa na serikali nyuma yake. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu aliyetoka Uganda na aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu, la kwanza kumilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika. Fiah hakuwa na hazina ya serikali wala ya misheni; aliwategemea wanunuzi na wenye matangazo. Kwetu liliendelea kwa taabu hadi mwaka 1951, likakoma. Magazeti hayo mawili yaliandikwa kwa lugha moja na yaliwatafuta wasomaji wa namna moja. Kilichoyatenganisha ni nani aliyelipa gharama. Msomaji na alishike jambo hili, maana litarudi katika habari za siku zetu.

Chombo kipya kilitokea Marekani. Mwaka 1999 ilianzishwa huduma iitwayo Blogger, iliyomwezesha mtu asiye fundi wa kompyuta kuchapisha maandishi yake bila kulipa chochote, na mwaka 2003 ikanunuliwa na Google. Miongoni mwa Waswahili, aliyefungua njia ni Ndesanjo Macha, mwandishi Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, ambaye mwaka 2004 alianza kuandika ukurasa wake wa Kiswahili ulioitwa Jikomboe. Macha aliandika fikra zake, na pia aliwahimiza wengine waandike, akawaonyesha njia. Septemba 2005, katika mkutano uliofanyika Helsinki nchini Ufini, alimsaidia Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la serikali la Daily News, kufungua ukurasa wa picha na habari. Huo ndio mwanzo wa Michuzi Blog, ambayo kwa miaka mingi iliwakusanya Watanzania waliokuwa nyumbani na waliokuwa ughaibuni, wakampa mwenye ukurasa jina la Ankal. Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha jukwaa lililoitwa Jambo Forums, ambalo baadaye lilibadilishwa jina likawa Jamii Forums. Mwaka huohuo Maggid Mjengwa naye alianza ukurasa wake, akauendesha kutoka Iringa. Kwa swali letu, mfano wa Iringa una uzito wa pekee, kwa kuwa ulidhihirisha kwamba mtu akaaye mkoani aweza kusomwa nchi nzima.

Pamoja na kazi hiyo yalizaliwa maneno. Wengine waliandika blogu, wengine blogi, na wengine wakajaribu gazeti tando, jina ambalo lingalieleza kazi yenyewe kwa watu waliozoea magazeti. Blogu ndilo lililoshinda, likafuata kawaida ya maneno ya kigeni ya kuchukua irabu mwishoni, likazaa mwanablogu, wanablogu na kublogu. Tovuti na wavuti yalishindana kwa muda, na tovuti likashika nafasi kubwa zaidi katika matumizi ya kila siku. Yafaa kuona kwamba mengi katika maneno haya hayakungoja mkutano wa wataalamu. Yaliamuliwa na watu waliokuwa na haja nayo usiku uleule waliokuwa wakiandika, kisha wenye kamusi wakayakuta yamekwisha kukaa. Jambo hilo ni la kawaida katika historia ya lugha yetu, ila hapa hatua zake zimeandikwa pamoja na tarehe zake, jambo ambalo mwanahistoria wa maneno hulipata mara chache.

Sasa na tutazame fedha zilivyopatikana. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitoka nje. Mwaka 2003 Google ilianzisha mpango wa AdSense, ambao humwezesha mwenye ukurasa kuiachia kampuni nafasi ya matangazo. Kampuni hutafuta wenye bidhaa, hunadi nafasi hizo kwao, na humpa mwenye ukurasa fungu lake. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba fungu hilo ni asilimia 68 ya malipo ya matangazo yawekwayo katika kurasa. Mapato yalihesabiwa senti kwa senti, wala hayakulipwa mpaka yafikie dola 100. Kwa mtu wa mjini mdogo mpango huo ulionekana kama mlango uliofunguliwa ukutani: hapakuhitajika ofisi, mtambo wa kuchapia, wala kujuana na mkubwa yeyote.

Mlango huo, hata hivyo, ulikuwa na bawabu, na bawabu huyo alikuwa lugha. Mpango wa AdSense ulikuwa na orodha ya lugha zilizokubaliwa, na katika miaka hiyo ya kwanza Kiswahili hakikuwamo. Sababu yake haikuwa uchache wa wasemaji. Thamani ya ukurasa ilipimwa kwa wingi wa wafanyabiashara waliotaka kununua tangazo mbele ya msomaji wa lugha hiyo, na wafanyabiashara waliotangaza kwa Kiswahili katika mtandao walikuwa wachache. Basi mwandishi alijikuta njia panda. Akiandika Kiingereza, angelipwa kutoka nje, lakini angeshindana na waandishi wa dunia nzima, na jirani zake wasingemsoma. Akiandika Kiswahili, angesomwa na jirani zake, lakini mnada wa matangazo ungempita kando. Lugha iliyompa wasomaji ndiyo iliyomnyima bei.

Njia ya pili ilikuwa ya ndani ya nchi: kuwauzia nafasi benki, kampuni za simu, wenye maduka, waandaaji wa matamasha na ofisi za umma. Njia hii haikudharau Kiswahili, ila ilidai kujulikana na kuwa karibu na watoa fedha, nao wengi wao walikuwa Dar es Salaam. Aliyekuwa na kamera, jina na namba za simu za wakubwa aliweza kuishi kwayo. Athari yake katika lugha ilionekana. Kurasa nyingi zilijaa picha za hafla na taarifa zilizotumwa tayari na maofisa uhusiano, na taarifa ileile ikatokea neno kwa neno katika kurasa kumi. Insha ndefu yenye hoja, kama zile za Jikomboe, ikawa kitu cha wachache walioandika bila kutaraji malipo. Twaweza kusema kwamba namna ya kulipa ilichagua pia namna ya kuandika.

Wakati huo vyombo vya kazi vilikuwa vikirahisishwa. Aprili 2008 Vodacom ilileta M-Pesa nchini, na malipo madogo yakaweza kumfikia mtu bila benki. Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukafuata wa EASSy. Hapo kabla, mawasiliano na nchi za nje yalitegemea sana setilaiti, nayo yalikuwa ghali na ya polepole. Kisha simu zenye intaneti zikaenea, na mtu wa Bagara hakulazimika tena kulipia saa katika duka la intaneti. Simu aliyoishika mkononi ikawa ofisi yake. Umbali wa barabara ukapungua maana, na gharama ya kuanza ikawa karibu na bure.

Gharama hiyo ilirudi kwa njia nyingine mwaka 2018. Machi mwaka huo zilitangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka kila mwenye blogu apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ya leseni shilingi 1,000,000, na ya kila mwaka shilingi 1,000,000. Aliyekiuka aliweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kufungwa kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwezi wa Mei Mahakama Kuu mjini Mtwara ilisimamisha kanuni hizo kwa muda, kisha zuio likaondolewa. Mwezi wa Juni Jamii Forums ilifungwa kwa siku kadhaa, na waandishi wengine wakaacha kuandika.

Serikali ilieleza kwamba ilikusudia kuzuia uzushi, matusi na uchochezi, na hapana atakayekana kwamba mambo hayo yalikuwapo mtandaoni. Lakini tupige hesabu. Shilingi 2,100,000 za mwaka wa kwanza zilikuwa sawa na dola zipatazo 920. Mwandishi mdogo aliyetegemea malipo ya kima cha chini cha dola 100 alihitaji kulipwa mara tisa na zaidi kabla ya kujinunulia hata kilo moja ya unga. Kampuni kubwa ya habari ililipa ada hiyo bila kutikisika. Aliyeumia ni yule aandikaye peke yake nyumbani, na hasa aandikaye kwa Kiswahili, ambaye mnada wa nje ulikwisha mpunguzia bei. Kanuni mpya zilichukua nafasi ya zile mwaka 2020, na marekebisho ya mwaka 2022 yakapunguza ada. Lakini kurasa zilizokwisha kuachwa hazikurudi zote.

Turejee Bagara. Ni kitu gani mtu wa huko aweza kuandika ambacho watu wa mahali pengine hawawezi? Jibu liko mashambani. Wilaya ya Babati hulima mahindi na mbaazi kwa wingi, na mbaazi nyingi huuzwa India. Mwaka 2017 serikali ya India ilipoweka kikomo cha mbaazi ziingiazo nchini mwake, bei ilianguka vibaya, na mkulima aliyekuwa na magunia ghalani alihitaji kuelezwa, kwa lugha aijuayo, ni nini kilichotokea Delhi na kwa nini. Ukurasa wa kueleza habari kama hizo ungekuwa na wasomaji wa hakika, nao wangeurudia kila msimu. Wenye kuuza mbegu, magunia, dawa na usafiri wangekuwa na sababu ya kutangaza humo. Mapato yake yangetoka kwa watu wanaojuana, yasingeingoja orodha ya lugha iliyotungwa ng'ambo. Hii ndiyo njia aliyoitegemea Fiah miaka 80 kabla ya hapo. Ilikuwa nyembamba wakati wake, na ingali nyembamba, lakini ndiyo iendayo sawa na lugha.

Jibu la swali letu, basi, ni kwamba yawezekana, ila kwa masharti. Chombo kipo na wasomaji wapo. Kinachopungua ni soko la Kiswahili lenye kulipa thamani ya maandishi ya Kiswahili, na ada ipimwayo kwa kipato cha mwandishi. Mambo hayo yakikosekana, riziki ya kalamu itabaki kwa wenye jina na kwa wanaoandika Kiingereza, na nathari ya Kiswahili cha mikoani itakosa wa kuiandika.

Kwa sisi tunaochunguza lugha kuna jambo moja la haraka. Kurasa za miaka ya 2004 hadi 2018 ni hazina ya nathari ya Kiswahili iliyoandikwa na watu wa kila namna, nje ya shule na nje ya serikali, na kila andiko lina tarehe yake. Mwenye ukurasa asipolipia jina la tovuti yake, hutoweka kwa siku moja. Nakala za Mambo Leo na za Kwetu zimetufikia kwa kuwa palikuwa na watu waliozihifadhi makabatini. Taasisi zetu za Kiswahili na maktaba za vyuo vikuu zingefanya vema kuanza sasa kuorodhesha kurasa hizo, kuwaomba wenyewe idhini, na kuzinakili pamoja na maoni ya wasomaji wake. Zilizobaki bado zasomeka. Kila mwaka upitao wapunguza hesabu yake.