Hofu ya Kukodi

Wateja wa kibanda changu hawakuwa na haraka ya kujua nani kaua. Mtu alisimama mbele ya meza, akapekuapekua, kisha akauliza, "Dada, humu mapenzi yamo?" Nikisema yamo, swali la pili lilifuata hapo hapo: "Na anayependwa ndiye anayeua?" Nikicheka bila kujibu, hela ilikuwa imeshatoka mfukoni.

Nilikuwa nakodisha riwaya Morogoro, jirani na stendi ya mabasi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi biashara ilipokufa katikati ya miaka ya 1990. Wasomi waliziita riwaya hizo fasihi pendwa, na baadhi yao waliziona takataka: damu, ngono na kumwiga mwandishi wa Kizungu wa hadithi za uhalifu, James Hadley Chase. Sikubishana nao, kwani hawakuwa wateja wangu. Lakini mimi ndiye niliyepokea vitabu vikirudi jioni, na kila kitabu kilirudi na hukumu yake. Kwa niliyoyasikia, kilichowavuta watu ni hofu moja: kumpenda mtu usiyejua kwao.

Hofu hiyo haikuwa na nafasi kubwa mwanzoni. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, alitegua mafumbo visiwani, mahali ambapo ni vigumu mtu kukosa anayemfahamu babu yake. Katika vitabu vya Abdulla, kuanzia Kisima cha Giningi cha 1968 hadi Mwana wa Yungi Hulewa cha 1976, mara nyingi siri kubwa ni nasaba: nani mtoto wa nani, na nani alifichwa asijulikane. Ukishaipata nasaba, mengine yanajipanga yenyewe. Wazee waliokodi Bwana Msa kwangu walimrudisha wakiwa wametulia, kama watu waliotoka kwenye kikao cha ukoo kilichoisha vizuri.

Faraji Katalambulla ndiye aliyeuhamishia mchezo Dar es Salaam. Simu ya Kifo ilitoka mwaka 1965, na jina lake peke yake lilikuwa habari: kifo kinapitia kwenye waya, kutoka kwa sauti isiyo na sura. Jiji lilikuwa linajaa vijana waliotoka mikoani, kila mmoja na begi lake na anwani ya ndugu mmoja. John Simbamwene akafuata na Mwisho wa Mapenzi (1971) na Kwa Sababu ya Pesa (1972). Ukiyasoma majina hayo mawili kwa pamoja, umeshapata mgogoro wote wa mjini. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, jasusi anayekwenda Nairobi kufuatilia nyaraka za harakati za ukombozi zilizoibwa. Baadaye Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akatupa mpelelezi Joram Kiango na vitabu ambavyo majina yake tu yaliwatisha walimu wa bweni: Dimbwi la Damu, Malaika wa Shetani, Najisikia Kuua Tena.

Wasomaji walitoka wapi? Sehemu kubwa walitoka madarasa ya jioni ya watu wazima. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1986 walibaki asilimia 9.6. Watu waliofundishwa herufi kwa vitabu vya pamba, mbolea na uzazi bora walitaka sasa kusoma kitu kisichowaelekeza kulima. Vitabu navyo vikaadimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na ile Bureau iliyochapa Katalambulla na Musiba ikabaki Nairobi ikiitwa Kenya Literature Bureau. Vita vya Kagera vikapita, fedha za kigeni zikakauka, karatasi ikawa bidhaa ya kutafutwa. Waandishi wakajichapishia wenyewe kwa nakala chache na kuzitembeza mkononi. Wenye njaa ya kusoma wakazidi, vitabu vikapungua, na hapo ndipo mtu kama mimi alipopata riziki.

Nilitoza shilingi tano kwa usiku mmoja, na rehani juu. Rehani ilikuwa saa, kanga au redio mbovu. Wakati ule sabuni ilipopotea madukani, kijana mmoja wa zamu ya usiku kiwandani aliniachia mche mzima ili apate Joram Kiango. Mche ule ulikuwa na thamani kuliko kitabu, na alijua. Alirudi alfajiri akitoka kazini, macho mekundu, akauchukua mche wake na kuniambia, "Dada, mwambie Mtobwa amwozeshe huyu Nuru." Alidhani namfahamu mwandishi. Madai hayo niliyasikia miaka yote. Joram na mwenzake Nuru wanalala chumba kimoja, wanakwepa risasi pamoja, lakini ndoa hakuna. Wateja wa kike jambo hilo liliwakera kuliko maiti zote za kitabu kizima.

Kitabu kilichonifundisha wasomaji kuliko vyote hakikuwa na jina. Kilinifikia bila jalada na bila kurasa za mwanzo, nikakishona kwa uzi wa gunia na kukivika karatasi ya kaki. Watu walikiita Kile cha Fundi Saa. Ndani yake kuna fundi saa mpole, mwenye mikono safi, anayechumbia wanawake, na wanawake wanaokotwa wamekufa, mmoja baada ya mwingine. Kisha anampenda nesi, na safari hii inaonekana anapenda kweli. Nesi anafungua droo kutafuta sindano ya kushonea, anakuta pete za marehemu zimefungwa kwenye leso. Fundi yuko nje anateka maji. Mlango uko wazi, na nesi hakimbii.

Ukurasa ule ulikuwa umejaa kalamu za watu. Juu kabisa, kwa wino wa buluu na herufi kubwa: KIMBIA. Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa kike uliolala: atakwenda wapi, kwao walishamkataa. Pembeni, wino mwekundu, nadhani ni mwalimu: angeuliza kwao kijana kabla ya kuhamia. Na chini kabisa mtu alikuwa amemjibu mwalimu kwa hasira hadi karatasi ikatoboka: AMUULIZE NANI?

Swali hilo lilikuwa zito kuliko alivyodhani aliyeliandika. Zamani, karibu katika kila kabila, langu na lako, posa haikupokelewa kabla ya uchunguzi. Shangazi au mjomba alifunga safari, akakaa kwa watu siku mbili tatu akinywa uji na kusikiliza. Je, ukoo huu una kichaa? Una mkono mrefu? Wake zao wanazeeka, au wanakufa vijana? Morogoro ya viwanda, yenye kiwanda cha viatu, cha magunia na cha nguo, ilikuwa imewaweka watu wa Mara, Mtwara na Iringa kwenye vyumba vinavyotazamana. Binti alipendana na mpangaji wa chumba cha tatu, na habari zote alizokuwa nazo ni zile alizopewa na huyo huyo mpangaji. Shangazi alikuwa mbali, kwa treni na basi na miguu. Kazi yake ikahamia kwenye riwaya.

Mama mmoja aliyeuza vitumbua jirani yangu alilisema hilo bila kuzunguka. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, na alisoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari, akisimama kila kitumbua kilipotaka kugeuzwa. Wapita njia walisimama wakasikiliza, na vitumbua vikanunuliwa. Alipofika kwenye droo na zile pete, alikifunga kitabu, akanitazama mimi kana kwamba nimekiandika. "Mwanangu, huyu mtoto hana shangazi?"

Wanaume hawakusoma hivyo. Fundi cherehani wa baraza ya pili alimtetea muuaji hadi tukakosana kwa siku kadhaa. Alisema mwanamke wa kwanza ndiye aliyemharibu, alimchukulia mahari akaolewa na mwingine, na kwamba mtu akichezewa moyo lolote linawezekana. Wanawake waliokuwa wakishonewa walimjibu kwa pamoja: "Na hao wengine walikula mahari gani?" Hakuwa na jibu. Vijana wa kiwandani nao walikuwa na hofu yao, ya mwanamke mzuri anayetilia kitu kwenye glasi, na walitafuta vitabu vya namna hiyo. Kila upande uliogopa upande wa pili, na kila upande ulikodi kitabu kinachothibitisha kwamba una haki ya kuogopa.

Ukurasa wa mwisho wa Kile cha Fundi Saa siku moja ulirudi umechanwa. Niliwaomba waliokuwa wamekimaliza wanisimulie, ili niandike mwisho kwenye karatasi ya daftari na kuubandika. Fundi cherehani akaapa kwamba polisi walimkamata na nesi akabaki analia gerezani kila Jumapili. Mama wa vitumbua akaapa kwamba nesi alimwekea dawa kwenye chai, akakaa kumtazama akinywa. Wote wawili walikuwa wamesoma ukurasa ule ule. Nikaandika miisho yote miwili, nikaibandika yote, na tangu siku hiyo kitabu hakikulala kibandani.

Biashara yangu iliuawa na magazeti. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yalizaliwa kwa wingi, na mengi yalijua kwamba hadithi ya mfululizo huuza. Kwa nini mtu akodi kitabu kilichochanika, ilhali sura mpya ipo kwenye gazeti na chini yake pameandikwa "itaendelea"? Eric Shigongo alilifikisha jambo hilo mbali kuliko wote, akichapisha hadithi zake za mapenzi na maafa kwenye magazeti yake mwenyewe. Mtafiti wa Kijerumani Uta Reuster-Jahn, aliyeandika juu ya hadithi hizo mwaka 2008, aliona namna wasomaji walivyowasiliana na mwandishi kwa simu. Zile kelele za pembeni mwa ukurasa, kimbia, usimwamini, muue, sasa zilimfikia mwenye kalamu kabla hajaandika sura inayofuata. Fundi cherehani wangu angetumia mshahara wote kwenye vocha.

Kwa hiyo sikubali pale ninaposikia kwamba wasomaji wa hadithi hizi walipenda damu tu. Waliokodi kwangu waliziruka kurasa za mapanga. Nazijua, zilibaki safi. Zilizochakaa, zenye alama za mafuta ya vitumbua na vidole vya wino, ni zile ambazo mtu anaamua kama atamwamini mwenzake au hatamwamini. Historia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ikiandikwa kwa majina ya waandishi na miaka ya uchapishaji peke yake, itakuwa imeandikwa nusu. Maktaba hutunza nakala nadhifu na kuzitupa zilizochorwachorwa, nami ningependa zifanye kinyume: nakala nadhifu zipo nyingi, lakini aliyeandika AMUULIZE NANI aliandika mara moja tu.