Mbung'o, Hadubini na Milima Yetu

Ukitembea na wazee wa kwetu Titye hadi kwenye misitu ya miombo, watakuonyesha mahame. Jiwe la kusagia limelala chini ya mti, kuna tuta lililokuwa mpaka wa shamba, na mahali fulani kaburi ambalo hakuna tena mtu wa kulipalilia. Vijana hudhani kwamba watu hao waliondolewa na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipopelekwa katika vijiji vya ujamaa. Baadhi ya mahame ni ya wakati huo. Mengine ni ya zamani zaidi, na aliyewahamisha wenyewe ni nzi.

Mbung'o hupenda kivuli cha vichaka na damu ya wanyama wa porini. Mahali watu wengi wanapolima, wanapochunga na kuchoma majani kwa wakati wake, hapati makao. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza jinsi watu wa Tanganyika walivyokuwa wakiitawala nchi yao kwa jembe na mifugo, hata utawala huo ulipovunjika mwishoni mwa karne ya 19. Sotoka iliua ng'ombe miaka ya 1890. Kisha vita ya kwanza ya dunia ilileta njaa na upagazi, na Wabelgiji walikaa Buha tangu mwaka 1916 hadi 1921. Baada yao wanaume wetu wakaenda kukata mkonge, wakiitwa manamba. Shamba lisilo na mwenyewe halikawii kuwa kichaka, na kichaka kina mgeni wake.

Mwaka 1922 malale ya aina kali, ile inayoweza kuua kwa miezi michache, iligunduliwa upande wa Maswa, Usukumani. Ilipofika zamu ya Buha, serikali ya kikoloni ilianza, mwaka 1933, kuwakusanya watu katika makazi makubwa. Hoja ya madaktari ilikuwa nyepesi: watu wakikaa pamoja watafyeka eneo la kutosha kumfukuza mbung'o, na mganga ataweza kuwapima. Sipendi kuwacheka madaktari wale. Dawa zao zilikuwa chache na hoja yao ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini aliyeambiwa ahame hakuulizwa. Aliacha shamba, mizinga ya nyuki na wafu wake, na nchi aliyoiacha ikawa ya wanyama na mbung'o kabisa. Kwa hiyo ugonjwa ulipunguzwa huku na kuandaliwa makao kule. Hata miaka ya 1990, Kibondo na Kasulu zilikuwa bado miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizojulikana kwa malale.

Nayarudia haya kwa sababu hali ya hewa inabadilika, nasi watu wa milimani tumezoea kuamini kuwa baridi yetu ni ngao. Ngao hiyo inatoboka. Mwaka 2018 watafiti walichapisha habari za Mana Pools, katika bonde la Zambezi nchini Zimbabwe, ambako mbung'o wamekuwa wakipungua sana tangu miaka ya 1990 kwa sababu joto limewazidi. Habari njema kwa watu wa bondeni! Lakini watafiti haohao walionya kwamba nchi za juu, zilizokuwa na baridi mno kwa mbung'o, huenda sasa zikamfaa. Mwaka 2022 Ethiopia ilipata wagonjwa wa malale hii kali baada ya zaidi ya miaka 30 bila hata mmoja kutajwa. Huku Tanzania wanaoripotiwa siku hizi ni wachache sana kwa mwaka, na ni rahisi mno kusahau kitu kichache.

Wizara ya Afya ilikuwa na mpango wa kuiandaa sekta yake kukabili mabadiliko hayo, wa miaka 2018 hadi 2023. Mipango ni mizuri. Mimi nafikiri zaidi juu ya hadubini ya zahanati.

Zamani mwenye homa alitobolewa kidole, damu ikapakwa kwenye kioo, mtu akakaa akaichungulia. Alikuwa akitafuta malaria, lakini kama mle ndani mlikuwa na vijidudu vya malale vikijinyonganyonga, aliviona pia bila kuvitafuta. Kuanzia mwaka 2009 hivi tukaletewa vipimo vya haraka vya malaria. Vimeokoa watu wengi, wala simshauri mtu yeyote aviache. Ila kipimo kile kinajibu swali moja tu. Hadubini nyingi zikafunikwa kitambaa, na mikono iliyojua kuzitumia ikazeeka.

Jamaa yetu mmoja, mrina asali, aliugua homa miaka michache baada ya vipimo hivyo kufika. Alipimwa, hakuonekana na malaria, akapewa vidonge vya homa akarudi nyumbani. Alipimwa tena kwingine, jibu likawa lilelile. Wiki zilipita. Akawa anasinzia mchana katikati ya mazungumzo na kukesha usiku akigombana na mkewe, mtu aliyekuwa mpole siku zote. Ndugu walikwisha kuanza kutaja uchawi.

Hatimaye tulimbeba hadi hospitali ya mbali kidogo, tukamkuta mtaalamu wa maabara mzee, karibu ya kustaafu. Hakumwuliza anaumwa wapi. Alimtazama shingoni na mikononi, akaona kovu jeusi juu ya kiwiko, akamwuliza mizinga yake ameitundika msitu gani. Alipojibiwa, alikwenda mezani, akaondoa kitambaa juu ya hadubini, akavuta kiti karibu na dirisha palipokuwa na mwanga.