Jina la Rusumo na Safari ya Mtoni

Sisi tukaao Ngara twasema kwamba apangaye safari ya mtumbwi ya siku nyingi, ya kuvua samaki na kulala ukingoni, hana budi kwanza kuuliza majina ya mto. Mwaka 1876 Stanley aliipandisha Kagera mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa na wapagazi vipande vipande tangu pwani. Akatoka Karagwe, akapita kati ya mafunjo hata ziwa Ihema. Mto akauita Naili ya Alexandra. Jina hilo lamheshimu bibi mkuu wa Uingereza, bali halimwonyi mpiga kasia.

Juu zaidi, karibu na makutano ya Ruvubu na Nyabarongo, wenyeji walikwisha kutia onyo katika jina: Rusumo. Kwa Kirundi na Kinyarwanda, lugha zilizo ndugu za Kihangaza, isumo ni maporomoko ya maji. Siku hizi pana pia mitambo ya umeme ya megawati 80. Basi ateremkaye Ruvubu na apange mapema mahali pa kutoka majini. Asiyeuliza maana ya jina, mto humfundisha.