Kuumia jeshini peke yake haitoshi: Hivi ndivyo Purple Heart hupatikana Marekani

Uko na beshte ama kazini ameingia jeshi la Marekani? Mshow hii mapema, coz wengi hudhani ukiumia kazini medali ni yako. Zii.

Kwanza wanauliza: nani alikuumiza? Lazima iwe ni adui. Gari ikipinduka mazoezini uvunjike mguu, pole, hupati. Baridi ikikula vidole, pia hupati. Hata PTSD haihesabiwi, na hapo mimi naona wanakosea, juu akili nayo ni sehemu ya mwili.

Pili ni makaratasi. Lazima daktari awe alikutibu na iandikwe. Hapa ndio wazee huumia tena: moto wa St. Louis mwaka wa 1973 ulichoma mamilioni ya faili za wanajeshi, kwa hivyo wengine inabidi wasake wenzao wa zamani watoe ushahidi.

Kichwa je? Inahesabiwa. Januari 2020 Iran ilirusha makombora kwa kambi ya Al Asad, Iraq, na wanajeshi zaidi ya 100 wakapatikana na majeraha ya ubongo. 29 walipewa medali. Wengine 39 walingoja hadi Desemba 2021.

Na si urembo wa kifua tu. Ukiipata kwa jeraha la kuanzia Septemba 11, 2001, na utoke jeshini kwa heshima, unapata msaada wa masomo asilimia 100, hata kama hukukaa sana.

Kwa hivyo bomu likilipuka karibu na beshte yako, aone daktari siku hiyo hiyo, hata kama ni kizunguzungu tu. Na aweke kopi.