Vitabu vya akili: vimechapwa wapi, na kwa lugha gani

Baada ya kipindi kilichopita wengi wenu mmeniuliza swali moja kwa namna tofauti: kuna kitabu gani cha Kiswahili naweza kumpa mama, au bibi, kinachoeleza hii habari ya sonona? Jibu fupi ni kwamba katika maduka ya vitabu ya hapa Maskati mimi sijakiona. Jibu refu ni historia, na ni historia yetu wenyewe.

Sio kwamba wazee wetu hawakuujua uchapaji. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja 1870 hadi 1888, alileta mtambo wa kupiga chapa, na ukatoa vitabu vikubwa vya dini kwa Kiarabu, zikiwemo juzuu za Qamus al-Sharia. Vitabu vile vikavuka bahari kuja huku. Yaani kuna wakati Unguja ndiyo iliyokuwa ikiichapia Oman! Lakini lugha ya mtambo ilikuwa Kiarabu. Kiswahili kilibaki cha barazani na jikoni, ndiko watu walikokuwa wakisemea maradhi yao.

Na Oman nayo ina urithi wake wa tiba. Kuna Kitab al-Ma', kamusi ya tiba ya karne ya 11 iliyopangwa kwa alfabeti. Imeitwa hivyo kwa sababu inaanza na neno maji. Mwandishi wake, Abu Muhammad al-Azdi, anahesabiwa mtoto wa Suhar ingawa alifia Valencia, Hispania. Wizara ya urithi ya Oman iliitoa kwa chapa mwaka 1996. Ndani yake mna matibabu ya nafsi pia, na utaratibu wa mzee huyu ni chakula na mazoezi kwanza, dawa baadaye. Bibi zetu wangekubaliana naye kabisa.

Kwa Kiswahili, kitabu cha afya kilichoingia majumbani hasa ni Mahali Pasipo na Daktari. David Werner alikiandika kwa Kihispania kwa ajili ya vijiji vya milimani Mexico, na toleo la Kiswahili likatolewa na Rotary Club ya Dar es Salaam. Kuharisha, vidonda, uzazi, kifafa, vyote mle ndani. Akili, sehemu ndogo tu. Pengo hilo ndilo alilotaka kuliziba Vikram Patel, daktari wa akili kutoka India, kwa kitabu chake Where There Is No Psychiatrist cha mwaka 2003, kilichotolewa London na chuo cha madaktari wa akili cha Uingereza. Kabla ya hapo Patel alifanya kazi Harare, na huko alisikia wagonjwa wakisema kwa Kishona kwamba wana kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2013 neno hilo likaingia katika DSM-5, kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili. Sasa nyinyi niambieni: lina tofauti gani na "ana mawazo" la nyumbani kwetu? Mshona amelifikisha neno lake kitabuni. La kwetu bado liko jikoni.

Maskati nayo imeandikwa, tena vizuri. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa 1986, na Profesa Samir Al-Adawi wa hapo, pamoja na wenzake, waliandika mwaka 1997 juu ya mughayeb, ile imani kwamba maiti hakufa kweli bali kachukuliwa na wachawi na iko siku atarudi. (Mliokua na filamu za Bongo mtaijua kwa jina la msukule.) Wao waliitazama kama njia ya watu kukabili msiba. Mwaka 2001 wakaandika juu ya zari, ngoma za pepo ambazo watu wa pande zote mbili za bahari wanazijua. Lakini makala hizo zimo katika majarida ya kitaalamu ya Kiingereza. Aliyepungwa pepo hawezi kuzisoma.

Hili si jambo la maktaba tu. Shangazi yangu mmoja alikwenda kliniki akasema moyo unamsononeka. Mkalimani alikuwa mjukuu wake wa miaka 12, akatafsiri moyo kwa qalb, na bi mkubwa akapelekwa moja kwa moja kupimwa mapigo ya moyo. Moyo mzima kabisa! Akarudi nyumbani na huzuni yake vile vile.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tukitaka, tunachapa. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani alitoa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1995. Harith Ghassany alitoa Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! mwaka 2010, kitabu kinene cha Kiswahili juu ya mapinduzi ya 1964. Dini tumechapa, siasa tumechapa. Yale mapinduzi yaliwafanya nini watu usingizini mwao, miaka hamsini baadaye, hapa Maskati, hilo tumewaachia waganga na watafiti.

Kazi itaanzia kwenye maneno. "Wazimu" ni ndugu wa "mzimu", kama majnun ya Waarabu ilivyo ndugu wa "jini", kwa hiyo kumwambia mtu ana wazimu ni kama kumwambia kakaliwa. "Kilema" na "kiwete" vinamtia mtu ngeli moja na kiti na kikombe. Ndiyo maana siku hizi wanasema mtu mwenye ulemavu, na mimi naona wana haki, hata kama ni refu. "Sonona" lenyewe nalipenda, maana shangazi analielewa bila kamusi.

Nimefungua daftari. Mpaka sasa nina roho inabana, moyo mzito, mwili hauna raha, ana mawazo, kajiinamia. Muulizeni bibi yeye husemaje, mniletee neno lake kama alivyolitamka, na mniambie ni wa wapi: Unguja mjini, Pemba, Mombasa au Bujumbura.