Meno ya plastiki: imani iliyowaachia mapengo watoto wetu



Nawaandikia kutoka Magamba, hapa Mpanda mkoani Katavi, mbali kabisa na bahari yenu. Mimi ni fundi cherehani na nashona magauni ya harusi. Siku moja alikuja bibi harusi mtarajiwa kujaribu gauni lake. Nikamwambia, "Hebu tabasamu ujione kwenye kioo." Akatabasamu huku amejiziba mdomo kwa mtandio, kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea shela zito la kufunika uso hata wakati wa picha.

Chonge zake za chini hazikukaa sawa. Moja imepinda na ina madoa ya kahawia, ya pili haikutoka kabisa. Mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akasema kwa sauti ya chini: "Alitolewa meno ya plastiki akiwa na miezi minne. Bila hivyo, mwanangu, tungemzika."

Yule mama si mkatili. Alimpenda mtoto wake na aliamini anamwokoa. Ndiyo maana nikaona tukae tuzungumze imani hii imetoka wapi.

Si jambo la kwetu peke yetu. Mwaka 1969 mtaalamu wa meno kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika kuhusu watu wa kaskazini mwa Uganda waliong'olewa chonge utotoni kabla hazijaota. Waganda wengi huyaita meno hayo ebinyo. Desturi hiyo imekutwa pia kwa Wamaasai wa Kenya, Sudan, Ethiopia na Somalia. Familia za huku zilipohamia Ulaya, madaktari wa huko nao wakaanza kukuta watoto wenye mapengo wasiyoyaelewa.

Hapa Tanzania habari hizi zilivuma sana miaka ya 1980. Wakati ule wengi waliyaita meno ya nailoni, kisha jina la plastiki likashika. Muhimbili ilikuwa imeanza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979, na katika miaka iliyofuata wataalamu wetu wenyewe walikwenda vijijini, wakawaangalia watoto midomo na kuandika waliyoyaona.

Sasa ukweli ni huu. Mtoto huzaliwa na meno yake 20 ya maziwa yakiwa yamejificha ndani ya taya. Mahali pa chonge fizi huwa imetuna kidogo na huonekana nyeupe. Ndivyo Allah alivyomuumba. Chonge zenyewe hutoka mtoto akiwa ameshapita mwaka mmoja na miezi kadhaa. Ukikitoa kijino hicho kabla ya wakati wake, kitakuwa laini na cheupe, hakifanani na jino. Ni rahisi mtu kukuonyesha na kukwambia, "Umeona? Plastiki hiyo."

Kwa nini imani hii haikufa? Tazama umri wa mtoto. Kuanzia miezi minne hivi kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, anaanza kuonjeshwa uji na maji, kisha anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Ndipo kuhara na homa vinapoanza. Mzazi anamfunua mdomo, anaona uvimbe, anadhani amempata adui. Mtoto anachokolewa. Kuhara kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, basi akipona sifa zinakwenda kwa mganga. Akifa, wanasema alicheleweshwa. Kwa hesabu hiyo mganga hakosei hata siku moja.

Na wanachotumia ni spoku ya baiskeli, kisu, msumari, hata kucha, bila ganzi. Mtoto anaweza kupoteza damu nyingi, kupata pepopunda, au kuambukizwa UKIMWI kwa chuma kilichotoka kwa mwenzake. Akinusurika, chini ya kile kijino kuna jino la ukubwani ambalo bado linajengeka. Likiguswa, linaharibika. Ndiyo maana jeraha la miezi minne linakuja kuonekana siku ya harusi.

Nami nikiri. Mtoto wangu wa kwanza alipougua akiwa na miezi sita, majirani walinishika sikio: mpeleke kwa bibi fulani akamtoe meno. Nilishamfunga mgongoni na nilishatoka nje. Njiani moyo ukasita, nikakata kona kwenda zahanati. Walipompima damu, ilikuwa malaria. Akapewa dawa, akapona, alhamdulillah. Lakini mpaka leo huwa najiuliza ingekuwaje kama nisingekata ile kona.

Dini yetu imetufundisha kuutunza mdomo. Mtume (s.a.w.) aliuhimiza sana mswaki, hasa wakati wa swala, na neno lenyewe mswaki tumelipata kwenye Kiarabu, kutoka kijiti kile kile. Huko ni kusafisha na kulinda. Kumchimba mtoto fizi hakumo.

Basi wewe unayeolewa mwezi huu, inshaallah utaitwa mama, na siku hiyo watakuja watu wazima unaowaheshimu wakushauri. Wajibu kwa adabu, lakini mtoto mpeleke kituo cha afya. Akiharisha, endelea kumnyonyesha na mpe maji ya chumvichumvi ya ORS wakati mnajiandaa kwenda. Fizi zake zipanguse kwa kitambaa safi chenye maji. Jino la kwanza likitoka, anza mswaki laini asubuhi na usiku, na dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele.

Yule bibi harusi shela lake nilimshonea jepesi. Tulizungumza sana, na siku ya harusi alitabasamu bila kujiziba. Namwombea watoto wake wasije wakahitaji kufundishwa hivyo.

Allah atuhifadhie watoto wetu. Amin.