Pima: jina letu la "fathom"

Mfasiri wa vitabu vya bahari akikutana na neno la Kiingereza "fathom", hushawishika kuliandika "fathomu", au kupiga hesabu na kuweka mita. Njia zote mbili sizikubali. Mabaharia wa pwani yetu wana jina la kipimo hichohicho, nalo ni pima.

Pima ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa kulia na kushoto, toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Doti ya nguo ni pima mbili. Waingereza waliikaza yao kwenye futi 6, yaani mita 1.8288, lakini neno lao la kale lilitaja mikono iliyofunguliwa ili kukumbatia. Kiswidi, ndugu wa Kiingereza, kinalo "famn", na hadi leo lina maana ya kumbatio na ya kipimo pia. Waarabu wana "baa" yao, Wagiriki wa kale walikuwa na "orguia", na zote ni mikono hiyohiyo. Haishangazi. Anayevuta kamba kutoka majini huinyoosha mbele ya kifua, na kila mikono ifungukapo amepata pima moja.

Kamba yenyewe, pamoja na risasi iliyofungwa mwishoni, ndiyo bildi. Ya Waingereza ilipangwa kwa ustadi mkubwa: vipande viwili vya ngozi kwenye pima ya 2, vitatu kwenye ya 3, kitambaa cheupe kwenye ya 5, chekundu kwenye ya 7, ngozi yenye tundu kwenye ya 10. Vitambaa vilitofautiana kwa ufumaji, si kwa rangi tu, ili usiku wa giza vidole vitambue kilichoshikwa. Chini ya risasi palikuwa na shimo lililojazwa shahamu; mchanga, matope au kome waliovunjika walinasa humo, na nahodha akajua chombo kiko juu ya sakafu gani.

Katika mto Mississippi, mpimaji wa meli ya mvuke alipoita "mark twain" alikuwa anatangaza pima mbili, futi 12, maji ya kutosha kupita salama. Samuel Clemens, aliyepata leseni ya urubani wa mto huo mwaka 1859, aliuchukua mwito huo kuwa jina lake la uandishi.

Waliotafsiri Biblia walilipata neno mapema. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, mabaharia wa meli ya Paulo wanapima usiku karibu na Malta na kupata pima 20, kisha 15. Hofu ya miamba inawashika. Ukigeuza 20 kuwa mita 36.58 unampa baharia usahihi ambao kamba na mikono yake havikuwa nao, tena unampokonya msomaji ile hesabu inayopungua haraka. Ramani za Uingereza zilianza kuhamia mita mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa ramani mpya mita ndiyo haki. Masimulizi ya kale yaachiwe pima: pima tano, pima kumi, bila kubadilika katika wingi.

Ugumu uko kwenye kitenzi. Kiingereza kilitoka kwenye kukumbatia, kikaenda kwenye kupima kina, na tangu karne ya 17 kikafika kwenye kuelewa jambo lililofichika. Kwetu kitenzi "kupima" ndicho kilichozaa jina, na kimeelekea kwingine: kujaribu, kukadiria, kuchunguza damu hospitalini. Kwa hiyo mhusika wa riwaya asiyeweza "to fathom" huzuni ya mkewe asiandikiwe kwamba hakuweza kuipima. Andika hakuweza kuing'amua, au, ukitaka bahari ibaki ndani ya sentensi, hakukifikia kina chake.